Mark II yangu ya 1JZ turbo imevunja pistoni. Nifunge pistoni na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) gani kwa gari la kazini na la dragi?

Fundi Baridi
Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, tutaonana mbele.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kijiwe changu kipo Chumbageni, Tanga. Gari langu kwa macho ni Mark II tu, lakini ni JZX110, ile iliyotoka kiwandani na injini ya turbo ya silinda sita, lita 2.5, 1JZ-GTE VVT-i, na giaboksi ya mkono R154. Sijalibandika makorokoro yoyote, kwa hiyo wengi wanadhani ni ya 1G, ile injini ya lita 2 isiyo na turbo, nami sijawahi kuwasahihisha. Asubuhi linabeba mitungi ya gesi na geji zangu hadi Pongwe au Muheza. Jumamosi linampeleka mama watoto sokoni Ngamiani. Mara mbili tatu kwa mwaka linakwenda dragi ya robo maili, sehemu iliyofungwa kwa kazi hiyo. Nasema mapema ili nisisomewe hotuba: barabara zetu huku zina baiskeli kuliko magari, anayeshindana humo hana akili timamu.

Dragi ya mwisho, mbio ya tatu, gia ya tatu inaelekea mwisho, nikasikia kama mtu kamwaga kokoto kwenye debe. Sekunde moja tu. Nguvu ikakata, nyuma ukatoka moshi wa buluu. Lilirudi Tanga juu ya Fuso, na dereva wa Fuso alinipa pole tangu Chalinze hadi Segera kwa namna inayouma kuliko matusi.

Nimepima kompresheni: silinda tano zinasoma psi 155 hadi 160, ya 6 inasoma 60. Nimevua hedi na sampu, nikatoa pistoni. Ya 6 imevunjika ukuta unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili, na kipande kimechora silinda mstari unaoshikika kwa ukucha. Nyingine ziko salama kwa macho.

Kwa hiyo nimeamua nijenge injini ya maana mara moja yaishe. Lengo ni farasi 500 kwenye kranki. Turbo kubwa ninayo tayari, kompyuta ya kupangwa ninayo, ilipangwa Nairobi kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Busti, yaani shinikizo la turbo, baa 1.3. Mafuta ya pampu, maana huku ethanoli ya gari hakuna (mkonge tunao hadi barabarani, lakini haujawahi kunijazia tanki). Bajeti ya ndani ya injini pamoja na kerezo ni milioni 9.

Maswali yangu: pistoni za kufuliwa za aloi ya 2618 au ya 4032? Konrodi za umbo la H au la I? Nishushe uwiano wa kompresheni kutoka 9.0 hadi 8.5? Na kranki niiache?

Nilimweleza mke wangu kwamba nataka pistoni za foji, yaani hizo za kufuliwa. Akaniangalia, akasema, "Yaani unatoa milioni zote hizo kununua kitu ulichokwisha kuambiwa ni cha kufoji?" Sijapata jibu mpaka leo.

speed_kali
Mkuu tupa hiyo 1JZ, weka 2JZ, mengine yote ni maneno. Ongeza na sindano ya methanoli uone.

Fundi Baridi
Mdogo wangu, 2JZ yenye turbo na hali nzuri inakula bajeti yote kabla sijanunua hata gasketi. Halafu nitakuwa nimenunua injini ya mtumba nisiyojua ndani ina nini, wakati yangu nimeishaifungua naiona.

Mkerezo wa Gerezani
Habari Fundi Baridi. Nafanya kazi hii Dar, injini za JZ nimefungua nyingi, nitajibu kwa ninavyoziona mezani.

Bloki yako usiitupe. Ni ya chuma cha kusubu, imefungwa juu kuzunguka silinda, na kranki ni ya chuma kilichofuliwa, inakaa kwenye meni beringi saba. Kwa farasi 500 kranki haina deni na mtu. Ipimwe kama imenyooka, jonali zipimwe kwa mikromita, ing'arishwe, irudi. Watu wanatumia pesa kununua kranki mpya wakati hawajapima ya zamani.

Huyo kijana wa 2JZ hajakosea kwamba ina ujazo mkubwa, lakini ya kwako nayo ina kitu chake. Kipenyo ni kilekile, milimita 86, ila mpigo wako ni 71.5 na wa 2JZ ni 86. Kwa mizunguko 7,000 pistoni yako inakwenda kwa wastani wa mita 16.7 kwa sekunde, ya mwenzio mita 20. 1JZ inapenda kuzunguka na haijiumizi sana ikizunguka.

Sasa pistoni. Za kiwandani ni za kusubu, ngumu lakini zinakatika kama kigae, ndicho kilichokupata. Za kufuliwa ziko namna hizo mbili ulizotaja. 4032 ina silikoni nyingi, kama asilimia 12, kwa hiyo haitanuki sana ikipata moto. Unaifunga kwa nafasi ndogo, asubuhi haigongi ukuta wa silinda, ringi hazilegei mapema. 2618 silikoni karibu haina. Inatanuka sana, inataka nafasi kubwa, ukiwasha asubuhi itakugongea hadi ipate moto, na mifereji ya ringi inakwisha mapema zaidi. Lakini ni laini: siku ukikosea inapinda na kuvumilia pale ambapo 4032 ingepasuka.

Kwa hiyo swali la pistoni ni wewe mwenyewe unajiamini kiasi gani. Mwenye mapu safi (ule mpangilio wa mafuta na moto wa plagi ndani ya kompyuta), mafuta yaleyale kila siku, gari la kwenda kazini, mimi humfungia 4032. Mwenye mkono unaowasha kuongeza busti humfungia 2618 na kumwambia azoee kelele za alfajiri.

Nafasi yenyewe usiniulize mimi wala mtu yeyote wa mtandaoni. Pistoni inakuja na karatasi. Kwa kipenyo kama chako utakuta 4032 inataka kama 0.05 hadi 0.075 ya milimita, na 2618 kama 0.09 hadi 0.11. Aliyekukerezea kwa nafasi ya pistoni za kiwandani halafu ukafunga 2618, hiyo injini itang'ang'ania ikipata moto, na utasema pistoni ni mbovu.

Fundi Baridi
Mkuu nimeelewa kuliko nilivyoelewa kwa miezi miwili ya video. Na konrodi?

Mkerezo wa Gerezani
Konrodi inauawa kwa njia mbili. Busti inaikandamiza, mizunguko inaivuta. Kukandamizwa inavumilia sana. Kuvutwa ndiko kubaya, na mvuto unakua kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 7,000 kwenda 8,000 unaona umeongeza kidogo tu, lakini mvuto umepanda kwa kama asilimia 31. Pale pistoni inapofika juu kwenye mpigo wa kutoa moshi hakuna mlipuko wa kuisukuma irudi, kinachoirudisha ni boliti mbili za konrodi peke yake. Ndiyo maana mimi naangalia boliti kabla sijaangalia umbo.

H au I ni ubishi wa vijiweni. Kwa farasi 500 na kikomo cha 7,500, konrodi za H za chuma cha 4340 zenye boliti za ARP 2000 zinatosha na chenji inabaki. Utaona wengine wanauza konrodi zilezile na boliti za L19, bei juu, nguvu juu. Wewe wa pwani usiziguse. Namaanisha usiziguse kwa mkono: L19 ni kali kweli, lakini haitaki unyevu wa aina yoyote, hata jasho la vidole. Ikipata kutu ndogo isiyoonekana inakuja kukatika ghafla siku moja bila kuaga. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, na gari la kushinda limeegeshwa nje, ARP 2000 ikipakwa oili vizuri ndiyo ya kwako.

Na kuzikaza, ukiweza usikaze kwa spana ya toki peke yake. Pima boliti imerefuka kiasi gani. Toki inadanganywa na msuguano, urefu haudanganywi.

Kompresheni iache 9.0. Hesabu ni hii: kila silinda yako ina ujazo wa sentimita za ujazo 415. Kwa 9.0 chumba cha mwako ni kama 52, kwa 8.5 ni kama 55 na nusu. Unagombania chini ya kijiko cha chai. Na kinachotaka kufanywa na wengi, gasketi nene, ni kibaya zaidi: ukiongeza nusu milimita unapata karibu 8.6, lakini umeinua hedi mbali na pistoni. Ile hewa inayobanwa pembeni na kurushwa katikati ndiyo inayoharakisha mwako. Ukiipoteza, umeshusha kompresheni na bado injini inagonga. Halafu gari la kwenda Muheza na mitungi ya gesi, kabla turbo haijaamka, litakuwa zito kama punda wa kukodi.

Mzee wa Kange
Wanangu nimesoma yote. Mimi nilianza kazi kwenye mashamba ya mkonge, injini za Lister, turbo tulikuwa hatuzijui. Nina swali moja tu kwa huyu mwenye uzi.

Umetuambia kilichovunjika. Hujatuambia kwa nini kimevunjika. Na kwa nini ya 6, si zote? Pistoni zote sita zilikuwa za aina moja.

Halafu lugha. Vijana siku hizi injini ikifa kwa lolote mnasema imenoki. Iliyonoki ni ile ambayo beringi za konrodi zimekwisha, inagonga ngo ngo ngo, unaweza kuendesha nayo hadi nyumbani ukijifanya huisikii. Kokoto kwenye debe ni jambo jingine. Hapo mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ya kwanza ni uchakavu. Ya pili ni kwamba kuna kitu unakifanya kimakosa.

Mwanangu, wewe ni fundi wa friji. Kompresa ya mteja ikiungua, unaifunga mpya siku hiyohiyo?

Fundi Baridi
Shikamoo mzee wangu.

Nimekaa na swali lako dakika kumi nzima. Hapana, siifungi. Napiga naitrojeni kwenye mabomba, nabadili draya, natafuta kilichoiua, maana nikifunga mpya juu ya uchafu wa zamani itakufa wiki ya pili na mteja atakuja na ndugu zake. Hilo nawaambia vijana wangu kila siku. Na hapa nilikuwa nimeshaandaa milioni 9 za kompresa mpya.

Mzee wa Kange
Marahaba. Toa plagi ya 6 uilinganishe na za wenzake, tumia kioo cha kukuzia. Kwenye ile kauri nyeupe tafuta vidoa vidogo kama pilipili manga vinavyong'aa. Hizo ni chembe za pistoni. Kisha tafuta ringi ya juu ya hiyo pistoni, hata kama imevunjika, uangalie ncha zake mbili. Urudi utuambie.

Dada wa Spea
Wakati anaangalia, mimi niongeze langu. Nauza spea Kariakoo na wateja wa JZ ninao.

Wote wanakumbuka pistoni, hakuna anayekumbuka puli ya kranki. Ile puli ni vipande viwili vilivyogandishwa kwa mpira katikati, kazi yake kumeza mtetemo wa kranki. Gari lako lina umri wa zaidi ya miaka 20, mpira umekuwa biskuti. Ukiizungusha 7,500 na mpira umekufa, mtetemo unakwenda kwenye gia za oili pampu, na gia zikipasuka, pistoni zako za milioni ngapi zinakufa bila oili. Nunua puli mpya na pampu mpya kabla ya konrodi.

Na beringi tafadhali kaka, zisiwe za mfuko wa nailoni usio na jina. Zipo zinazofanana boksi hadi nukta. Zipime unene kwa mikromita hapohapo dukani, muuzaji akikasirika ondoka.

Fundi Baridi
Nimerudi. Mzee, pilipili manga ipo. Kwenye plagi ya 6 vidoa vimejaa, ya 5 viwili vitatu, nyingine safi. Na ncha za ringi ya juu zinang'aa kama kioo, zote mbili.

Mkerezo wa Gerezani
Ncha zikingʼaa maana yake zimekutana. Ringi imepata moto, imetanuka, pengo likaisha, haina pa kwenda, ikausukuma ukuta wa pistoni hadi ukavunjika. Ukijumlisha na kugonga, hapo hakuna pistoni ya kusubu inayopona. Kwa injini mpya chukua pengo la ringi ya juu kama 0.0055 ya kipenyo. Kwa silinda ikitanuliwa hadi milimita 86.5 inakuwa karibu milimita 0.48. Ukikuta chini ya 0.45 na busti yako hiyo, shtuka. Ya pili iwe pana kidogo kuliko ya juu. Lakini mzee ana haki, bado hatujajua moto wa ziada ulitoka wapi.

Mwana wa Mvita
Salamu kutoka Mombasa, majirani zetu wa Horohoro. Naona kitu ambacho kila mtu amekiruka. Ndugu, mapu yako ilipangwa Nairobi.

Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya huko ni kama baa 0.83. Geji yako ikisoma busti 1.3, ndani ya injini mna 1.3 jumlisha 0.83, yaani 2.13. Sasa umeshuka Tanga, bahari hiyo hapo. Hewa ni baa 1.01. Geji ileile ikisoma 1.3 ndani mna 2.31. Umeongeza mzigo kwa asilimia 8 na hujagusa chochote, na geji inakuambia kila kitu ni kama jana.

Kibaya ni kwamba kompyuta inayosoma shinikizo la ndani inakwenda kutafuta mstari wa 2.3 kwenye mapu, na mstari huo Nairobi hakuna aliyewahi kuufikia. Ulijazwa kwa kukisia. Siyo kosa la ajabu, hata mimi lilinikuta, gari lilikuwa tamu Nairobi likaja kunigongea Nyali. Ila joto la pwani nalo linaongeza: hewa ya adhuhuri ya Februari inaingia kwenye turbo tayari ina nyuzi 32 au 33.

Mapu ya gari la Tanga ipangwe pwani. Kama ni lazima iwe Nairobi, fundi ajulishwe aweke mafuta mengi na acheleweshe kidogo moto wa plagi kwenye mistari ile ya juu, kisha mmalizie huku taratibu.

Fundi Baridi
Asante jirani. Hii hesabu ni ya kwangu kabisa, mimi natembea na geji mkononi kila siku, shinikizo la geji na shinikizo halisi ndilo somo la kwanza tulilofundishwa chuoni. Nimeona aibu mara mbili ndani ya uzi mmoja.

Lakini hiyo ingeumiza silinda zote. Kwa nini ya 6?

Mzee wa Kange
Nozeli.

Fundi Baridi
Nimezipeleka kupimwa kwa jamaa mwenye mashine ya kupimia, mirija sita ya kioo imesimama sambamba. Tano zimejaza karibu sawa. Ya 6 imebaki nyuma, upungufu wa kama sehemu moja ya kumi, na inanyunyiza upande mmoja kama bomba la bustani lililobanwa. Kichujio chake kidogo cha ndani kilikuwa na vumbi la kahawia. Kutu ya tanki.

Na sasa nakumbuka: mwaka jana gari lilikaa miezi minne nikisubiri klachi, tanki nusu, hapa Chumbageni kwenye unyevu huu.

Mzee wa Kange
Ndiyo hiyo. Tanki nusu tupu linatoa jasho ndani kama mtungi wa maji. Likisimama, lijaze.

speed_kali
Kwa hiyo akisafisha nozeli na kupanga mapu upya anaweza kurudisha pistoni za kawaida? JZ si zinafika 400 bila kufunguliwa?

Mkerezo wa Gerezani
Leo umeuliza vizuri kijana. Ndiyo, zinafika 400 na ushee zikiwa na afya na mapu safi. Kama angekuwa anataka 400 ningemwambia anunue pistoni moja ovasaizi... hapana, nimekosea, sita, maana silinda ya 6 lazima itanuliwe na huwezi kuwa na moja nzito kuliko wenzake. Lakini anataka 500, na silinda lazima zikerezwe hata hivyo. Gharama ya kerezo ni ileile. Hapo kufunga za kufuliwa ni akili.

Ila Fundi Baridi, sasa gawanya bajeti upya. Farasi 500 kwa turbo ya petroli inakula kama kilo 136 za mafuta kwa saa, hiyo ni lita 180 na ushee kwa saa, kwa shinikizo la kazi, si ile namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu. Gawa kwa nozeli sita, acha kila moja ifanye kazi asilimia 80 ya muda wake, unahitaji nozeli za kama cc 650 kwa dakika. Nunua za 700 na kitu, pampu kubwa, na tanki lisafishwe kabla ya vyote. Ukichukua pesa hizo kwenye konrodi za jina kubwa ukabaki na zile za H za kawaida, umefanya biashara nzuri.

Na methanoli ya kijana: nzuri, inapoza. Lakini usipange mapu inayoitegemea. Siku kitanki chake kikikauka katikati ya mbio, utarudi kuandika uzi mwingine.

Fundi Baridi
Sawa wakuu, nafunga hesabu.

Pistoni nachukua 2618, milimita 86.5, kompresheni 9.0. Mkerezo, ulisema ni suala la kujiamini. Mimi najijua. Nikiwa kwenye mstari na jirani yangu kaongeza busti, mkono wangu haukai. Kelele za alfajiri nitavumilia, mke wangu tayari analalamikia kompresa za majaribio uani. Konrodi za H, boliti za ARP 2000. Gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, unene wa kawaida, hedi na bloki zisuguliwe ziwe laini inavyotakiwa. Kranki ileile. Puli na oili pampu mpya, asante dada. Nozeli, pampu ya mafuta, na tanki nimelishusha tayari, nimetoa kutu inayojaza kikombe cha kahawa. Mapu itapangwa huku, asubuhi na adhuhuri, fundi nitamlipia nauli ashuke.

Uzito wa pistoni na konrodi nitapimia kwa mjomba wangu ambaye ni sonara, mizani yake inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Ameniuliza vito gani vina uzito wa robo kilo na zaidi kila kimoja.

Tatizo lililobaki ni moja. Mkerezaji wa hapa Ngamiani ana mkono mzuri, nimeona kazi zake za malori, lakini anasugua silinda bila kufunga bamba juu ya bloki.

Mkerezo wa Gerezani
Usimruhusu. Studi za hedi zikikazwa zinavuta bloki na silinda inapoteza uduara. Ukisugua bila bamba, inakuwa duara mezani na yai barabarani, ringi hazikai. Lazima iwe na bamba, tena na studi zilezile utakazofungia, kwa toki ileile.

Ninalo la JZ. Ni zito, linataka watu wawili kwenye basi.

Fundi Baridi
Watu wawili nitawaleta. Huku wanasema waja leo waondoka leo, bamba lako nalo litakuja leo kuondoka leo, usiku litalala Gerezani. Nikutafute wapi, na basi la saa ngapi?